Sahihi Yangu Chini ya Picha ya Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja vikombe viwili na nikakatazwa kushika vitabu. La vikombe nilistahili. La vitabu liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kule Wundanyi, na sikuona kwa nini mtu aliyesoma aambiwe mikono yake haifai kufungua kitabu. Nilinyamaza. Visa yangu ilikuwa mpya, binti yangu Wakesho nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu, na mtu wa hali hiyo hujifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kazi yenyewe.

Vijana wa kanisani kwetu wameniomba niandike jinsi kazi ile ilivyokuwa ikifanywa. Wanasema wao wanaona picha kwenye simu tu, hawajui kitabu kinavyozaliwa. Basi naandika. Mkichoka kusoma, ni shauri yenu. Mimi sikuchoka kuifanya.

Ofisi ilikuwa Deira, mtaa wa kale wa Dubai, ghorofa ya tatu, juu ya mawakala wa mizigo waliokuwa wakipigizana kelele tangu asubuhi. Lilikuwa tawi la kampuni ya Kifaransa inayochapisha vitabu vya sanaa: vitabu vikubwa, vizito, vya michoro, sanamu, mazulia na majumba ya kale. Wafaransa wenyewe hawakuiita kampuni. Waliiita Nyumba, nami nitaiita hivyo hivyo. Watu wengi huchanganya kuchapa na kuchapisha. Anayechapa ni mwenye mashine. Anayechapisha ni yule anayeamua kitabu kiwepo, anayetafuta picha, anayechagua karatasi, anayegombana na mwandishi, kisha anampelekea mwenye mashine na kumsimamia mpaka afanye sawasawa. Nyumba haikuwa na mashine hata moja, na bado wenye mashine wote mjini waliiogopa.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Seif, mzaliwa wa Unguja aliyekulia Dubai. Cheo chake kilikuwa mandubu, yaani mtu wa kupeleka makaratasi ya visa serikalini, lakini pia alikuwa mlinzi wa adabu ya ofisi. Wageni wetu wengi walikuwa watu wa majumba ya makumbusho na familia za wenyeji, na mgeni wa namna hiyo hapewi chai ya maziwa kwenye kikombe cha plastiki. Anapewa gahwa, kahawa ya Kiarabu yenye iliki, kutoka kwenye dele, birika la kahawa. Nilipovunja vile vikombe viwili, Mzee Seif aliviokota yeye mwenyewe.

"Mwanangu, hebu wacha haraka," aliniambia. "Dele mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia. Unamimina kidogo tu, chini ya nusu. Ukijaza kikombe unamwambia anywe aende zake."

"Na nikibadilisha mikono, Mzee?"

"Mgeni humpi kikombe kwa mkono wa kushoto hata nyumba ikiwaka moto. Bora usimpe kabisa."

Kazi hiyo niliifanya miaka minne. Naisema bila aibu. Nilijua kuanza na mkubwa, nilijua kusimama bila kuegemea ukuta, nilijua kuwa mgeni akikitikisa kikombe ametosheka. Mkono wangu wa kulia ulifika mahali ukawa unajua kazi bila mimi.

Mkuu wa tawi alikuwa mwanamke wa Paris, mwembamba, aliyevaa nguo nyeusi hata Agosti. Tulimwita Madam kama ilivyo desturi ya hapa. Alikuwa mkali, na ukali wake haukuchagua mtu. Alimgombeza mhariri aliyetoka Paris kwa sauti ile ile aliyonigombezea mimi. Nilimpenda kwa hilo tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyenifungulia njia, na ilitokea hivi.

Siku moja nilikuwa napeleka kahawa mezani wakati wageni wakipitia kitabu kipya. Nikaona kwa pembe ya jicho kwamba mgeni amefunua ukurasa wa sitini na nne, na unaofuata ukawa wa themanini na moja. Nikasubiri wageni waondoke.

"Madam, samahani. Kile kitabu kimeruka."

"Kimeruka vipi?"

Nikamwonyesha. Hapa niwaeleze: kitabu kizuri hakitengenezwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa, ambayo sisi tuliiita shiti, huchapwa kurasa nyingi pande zote mbili, kisha hukunjwa mpaka iwe kijitabu cha kurasa kumi na sita. Kijitabu hicho ni kunjo. Makunjo hupangwa, hushonwa kwa uzi mgongoni, ndipo jalada huvishwa. Katika kitabu kile kunjo moja zima lilikuwa limesahauliwa. Madam alikitazama, akanitazama, akaniuliza nimejuaje.

"Nilisoma namba, Madam."

"Watu watano wamekishika tangu asubuhi na hakuna aliyesoma namba," akasema. Kisha akanikalisha, mimi mwenye aproni, akanifundisha kufungua kitabu kipya. Unakisimamisha mezani kwa mgongo wake. Unalaza jalada la mbele, halafu la nyuma. Unafungua kurasa chache za mbele na kuzikandamiza taratibu kwa kidole, kisha chache za nyuma, hivyo hivyo kwa zamu mpaka ufike katikati. Ukikifungua kwa nguvu katikati mara ya kwanza, mgongo unavunjika na kitabu hakisamehi. Ndipo nikaelewa kwa nini nilikatazwa siku ile, na hasira yangu ya Wundanyi ikaisha.

Baada ya hapo nilihamishiwa ghalani, upande wa Jebel Ali. Nilipata kitanda Discovery Gardens, chumba kimoja na wanawake watatu, Mganda mmoja na Wakenya wawili, nikawa mkaguzi. Aliyenifundisha ukaguzi alikuwa Mtaalamu wa Rangi wa Nyumba, mzee mwenye nywele nyeupe aliyekuja kutoka Paris kila kitabu kikubwa kilipochapwa hapa. Tulimwita Bwana Rangi, naye alijua na alilipenda jina hilo. Alikuwa na kioo cha kukuzia kilichofungwa kwa kamba shingoni, na alinipa changu siku ya pili.

Ukiweka kioo kile juu ya picha iliyochapwa, picha inapotea. Unaona nukta tu, za rangi nne: samawati, waridi, njano na nyeusi. Bahari, uso wa mtoto, dhahabu ya mfalme, vyote ni nukta hizo nne zimesogezwa karibu au mbali. Nilicheka kwa mshangao mara ya kwanza, na Bwana Rangi akacheka nami. Kazi ya mkaguzi ilikuwa kutafuta vumbi, mikwaruzo, na mahali nukta zimekosa kukutana sawasawa. Bwana Rangi alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku.

"Élisabeth, usiitazame picha. Ukiitazama utaipenda, na ukiipenda hutaona doa."

Niliishika sheria hiyo kama amri. Kiwandani, shiti ya kwanza ikitoka mashineni hulazwa chini ya taa, mashine husimama, na watu wote hungoja. Bwana Rangi huangalia rangi na kutia sahihi yake pembeni. Mimi huangalia usafi na kutia yangu chini ya yake. Bila sahihi mbili mashine haiendelei. Siku ya kwanza kuandika E. Mghoi kwenye shiti ya Nyumba nilijiona nimefika, na sitawadanganya, jioni ile nilimpigia mama simu kumweleza jambo ambalo hakulielewa hata kidogo. Alinipongeza hata hivyo.

Sasa nije kwenye kitabu chenyewe.

Familia moja ya wenyeji iliiomba Nyumba itengeneze kitabu cha picha za baba yao marehemu. Hakuwa mtu maarufu. Alikuwa fundi seremala, na nyumba yake ilikuwa haifungi mlango kwa wageni, watu wakitoka mbali hulala kwake. Picha zilipigwa na daktari wa kigeni aliyekuwa rafiki yake. Picha iliyokuwa moyo wa kitabu ilimwonyesha mzee yule amesimama, ameinama kidogo, anamkabidhi mtu kahawa. Mtu mwenyewe haonekani. Unaona dele, kikombe, mkono, na uso wa mzee wenye furaha ambayo huwezi kuiigiza.

Familia ilipewa kurasa za majaribio, ikazikubali. Baadaye mwandishi akaongeza ukurasa mmoja wa maneno mbele, na picha ile ikasukumwa kutoka upande wa kulia wa kitabu hadi upande wa kushoto. Hapo ndipo palipoharibika. Nyumba ilikuwa na mila ya siku nyingi: mtu aliye kwenye picha lazima atazame ndani ya kitabu, kuelekea mshono, asitazame nje. Akitazama nje anamtoa msomaji pamoja naye. Mpangaji wa kurasa kule Paris alipoona mzee sasa anatazama nje, aliigeuza picha kama kwenye kioo. Michoro ya wasanii walikuwa hawaigeuzi kamwe, ila picha za kamera waliona hazina ubaya. Mzee akatazama ndani. Hakukuwa na maandishi hata herufi moja kwenye picha. Yangekuwepo, msomaji yeyote wa Kiarabu angeshtuka. Shiti ikalazwa chini ya taa. Bwana Rangi akatia sahihi. Mimi nikapitisha kioo changu nukta kwa nukta, nikaona hakuna vumbi, nikatia yangu.

Vitabu viliingia ghalani siku tatu kabla ya makabidhiano. Desturi yetu ilikuwa kutoa kitabu kimoja katika kila paleti na kukifungua chote. Nilikuwa na Wafula, mfungaji wetu wa katoni, kijana wa Bungoma mwenye mdomo mwepesi. Nikasimamisha kitabu kwa mgongo wake, nikafungua mbele na nyuma kwa zamu, nikafika kwenye picha. Kioo nilikuwa nimekiacha mezani. Nikamwona mzee.

Mkono wangu ndio ulioona kwanza. Ulikunjika wenyewe, kama unavyokunjika mtu anapomimina kahawa vibaya mbele yangu. Dele ilikuwa kulia. Kikombe kilikuwa kushoto. Mzee wa watu, ambaye sifa yake yote ilikuwa kupokea wageni, alikuwa anawapa kahawa kwa mkono wa kushoto mbele ya watoto wake, wajukuu wake na mji mzima.

"Auntie, uko sawa?" Wafula aliuliza.

Nikamwonyesha. Akainama akatazama. "Aah, kweli. Lakini sasa? Si ni kitu kidogo. Tufunge tu, khalas. Nani ataona?"

Nilikifunga. Nataka mjue hilo. Nilikirudisha kitabu kwenye katoni, nikapitisha utepe juu, nikakaa juu ya katoni ile. Sahihi yangu ilikuwa kwenye shiti. Wakesho alikuwa kidato cha pili. Kazi hii ndiyo iliyokuwa visa yangu, na visa ndiyo iliyokuwa kitanda changu na kila nilichotuma nyumbani. Nikisema, nimejishtaki mwenyewe. Nikinyamaza, huenda Wafula ana haki, huenda hakuna atakayeona. Lakini nilijua si kweli. Katika familia ile hata mtoto wa miaka mitano angeona, kwa sababu ni kitu wanachofundishwa kabla ya kufunga viatu.

Nikampigia Mzee Seif. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kukudanganya, mwanangu," alisema. "Wakitaka kufuta visa yako, karatasi nitaipeleka mimi mwenyewe na sitakuwa na la kufanya. Lakini mficha uchi hazai. Yalla, njoo Deira."

Nikaubeba mzigo wa kitabu kimoja kwenye metro. Madam alikuwa na Bwana Rangi ofisini. Niliweka kitabu mezani, nikakifungua kwenye picha, nikasema kuna kosa na sahihi yangu iko juu yake. Madam akainama. Bwana Rangi akatoa kioo chake.

"Hakuna vumbi," akasema Bwana Rangi.

"Ni picha nzuri sana, Élisabeth," akasema Madam. "Kosa liko wapi?"

Nilijaribu kueleza kwa maneno na maneno yakanipotea. Nikaenda chumba cha chai, nikachukua dele na vikombe, nikarudi. Nikammiminia Bwana Rangi, dele kushoto, kikombe kulia. Akapokea. Kisha nikabadilisha mikono, nikamnyooshea Madam kikombe kwa mkono wa kushoto.

Madam alikuwa ameishi Dubai miaka tisa na kukaa kwenye majilisi, mabaraza ya wageni ya wenyeji, mara zisizo na idadi. Mkono wake uliinuka kupokea, ukasimama hewani. Aligeuza macho polepole kwenye kitabu, na uso wake ukabadilika rangi.

"Mungu wangu," akasema. "Tumemgeuza."

Bwana Rangi alijitetea, na sikumlaumu. "Ni sheria ya Nyumba. Alikuwa anatazama nje ya ukurasa. Mtu hatazami nje!"

"Sasa anatazama ndani, sir," nikamwambia, "lakini anawatukana wageni wake."

Mara ya mwisho alijaribu kidogo: "Tukimrudisha, atatazama nje kwenye ukurasa wa kushoto. Macho ya msomaji yatatoka naye."

"Basi atazame nje," akasema Madam. "Wageni wake wako huko." Kisha akaniuliza, "Nani alitia sahihi shiti hii?"

"Mimi, Madam. Na Bwana—na yeye."

"Tutaongea baadaye. Kwanza kitabu."

Sikujua "baadaye" ina maana gani, na kwa siku tatu nililala nayo. Lakini siku tatu hizo ndizo zilizonifanya niiheshimu Nyumba maisha yangu yote. Kampuni nyingine ingesema hakuna muda. Wangeomba radhi kwa barua nzuri, au wangeingiza kijikaratasi cha masahihisho. Madam alipiga simu Paris mara moja, hakuomba ruhusa, alitoa taarifa. Kiwanda kikachapa upya ukurasa ule mmoja peke yake. Na ghalani Bwana Rangi akavua koti.

Kuna njia ya zamani ya kubadilisha ukurasa mmoja kwenye kitabu kilichokwisha kushonwa. Unaweka bamba jembamba la chuma chini ya ukurasa mbaya, unaweka rula ya chuma juu, unakata kwa wembe karibu na mshono, ukiacha ukanda mwembamba kuliko kidole. Huo ukanda unaitwa kishina. Unaupaka gundi kwa brashi, nyembamba, pumzi moja tu, kisha unaulaza ukurasa mpya juu yake na kuukandamiza kwa mfupa laini. Ukizidisha gundi, kurasa zinanatana. Ukipunguza, ukurasa unamdondokea mtu mapajani. Ukikata sana, uzi unakatika na kitabu kizima kimekufa. Tulikuwa na mamia ya vitabu. Tukakaa meza moja: Bwana Rangi, mimi, Wafula, na Madam mwenyewe na nguo yake nyeusi, mikono imekunjwa.

Ni pale mezani ndipo Bwana Rangi alipotusimulia Nyumba ilivyoanza, na huenda ndiyo mara pekee niliyoisikia historia yake kwa ukamilifu. Mwasisi alikuwa mchonga vibao vya kuchapia picha, maskini, mwenye chumba nyuma ya duka la mkate. Enzi zile karatasi nzuri ya maneno haikupokea picha vizuri, kwa hiyo alichapa picha peke yake kwenye karatasi nyingine, na dada yake akazibandika kwenye kila kitabu kwa mkono, moja moja, kwa gundi ukingo wa juu tu. Dada yule alikuwa haoni vizuri. Alibandika kwa kupapasa. Miaka ya vita walificha vibao chini ya magunia ya unga ya jirani, na vita vilipokwisha wakavitoa vyeupe kama chapati mbichi, wakavipangusa, wakaendelea. Mwasisi alipokuwa mzee, watoto wake walitaka kununua mashine. Alikataa. Alisema mwenye mashine lazima ailishe, na siku moja atailisha kitabu kibaya.

"Kwa hiyo hiki tunachofanya," Wafula aliuliza, gundi mpaka kwenye kiwiko, "ndicho alikuwa anafanya yule dada?"

"Hicho hicho," akasema Bwana Rangi. "Ila yeye hakumwaga gundi."

Tulicheka. Tulikuwa tumechoka kupita kiasi, na Bwana Rangi, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa umri, hakuinuka mezani kabla yetu hata mara moja. Alasiri ya siku ya tatu tulimaliza. Akachukua kitabu cha mwisho, akakifungua, akaweka kioo chake pembeni. Akaitazama picha kwa macho matupu.

"Nilikufundisha vibaya," akaniambia. "Nilikuambia usiitazame picha."

"Ulinifundisha kuona doa, sir. Hilo bado nalishukuru."

Kisha Madam akatuita, mmoja mmoja. Alinipa bahasha. Kabla ya kuifungua nilidhani ni ya kunifukuza. Ilikuwa barua ya onyo. Sikufukuzwa, ilisema nimetia sahihi shiti yenye kosa na kwamba sahihi ni ahadi. Nilikasirika sana. Mimi niliyesema! Mimi niliyekuja na metro! Nilitoka pale nimefura kama andazi, nikakutana na Bwana Rangi mlangoni, naye ana bahasha kama yangu mkononi. Mzee aliyeitumikia Nyumba miaka mingi kuliko umri wangu, ameandikiwa maneno yale yale, neno kwa neno. Hasira ikaniishia pale pale. Katika kazi zangu zote za awali nilikuwa nimesamehewa kama asiyejua, au nimefokewa kama asiye na maana. Sikuwahi kuhesabiwa sawa na fundi.

Jioni hiyo tulikwenda kwenye makabidhiano. Madam alinichukua niingie naye upande wa wanawake, nikiwa nimebeba vitabu. Mjane wa mzee yule alikuwa amekaa katikati, mwanamke mdogo wa mwili, macho yameanza kuingia ukungu. Mjukuu wake wa kike alikifungua kitabu mapajani mwa bibi na kumgeuzia kurasa, akimweleza kila picha. Kiarabu cha hapa nilikuwa nakisikia vizuri kufikia wakati huo. Walipofika kwenye ile picha, mjukuu akakiinua kitabu kidogo. Bibi akainamisha uso mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Wallah, ndiye," akasema. Akaweka kidole juu ya ule mkono wa kulia ulioshika kikombe. "Tazama anavyokibana. Unaona?"

"Naona, bibi. Kwa nini?"

"Babu yako alizaliwa mtu wa kushoto. Randa alishika kwa kushoto, nyundo kwa kushoto, hata mimi alinishika kwa kushoto. Mkono huu wa kulia ulikuwa hausikii. Ulikuwa ukimtetemeka. Lakini kila siku alfajiri alikuwa anafanya mazoezi na kikombe cha maji, mpaka siku alipokufa, ili mgeni asijue."

Madam hakuelewa Kiarabu chote. Aliniangalia kuniuliza, nami nikashindwa kutafsiri. Nililia mbele ya wale wanawake bila kujificha. Walifikiri nimeguswa na picha, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini nilikuwa nawaza kwamba tulikuwa tumekaribia kumnyang'anya mzee yule kazi ya maisha yake yote, kwa sahihi mbili, nasi tukaiita safi.

Baada ya kitabu kile Madam aliongeza sahihi ya tatu kwenye shiti za tawi letu. Mtu mmoja anasimama bila kioo, anaitazama picha kama binadamu, na kusema aliyemo ndani yake anafanya nini. Kazi hiyo nilipewa mimi, na niliifanya mpaka nilipostaafu. Bwana Rangi amefariki, Mungu amrehemu. Madam alirudi Paris. Mzee Seif bado yupo, na bado ananisahihisha Kiswahili changu. Mimi sasa nakaa mtaa wa Silicon Oasis, hapa hapa Dubai, kwa Wakesho, ambaye ni mhasibu na ndiye mdhamini wangu wa visa, tumebadilishana zamu.

Nyinyi mnaoanza kazi, yoyote ile, mtafundishwa kioo. Kishikeni sana, maana asiyejua nukta hajui kazi. Ila mimi, tangu jioni ile, sikuwahi tena kutia sahihi kabla ya kujiuliza mtu niliyemwona pale kwenye karatasi alitaabika kiasi gani ili asimame vile.